Namna ya kueleza mng'ao wa madini na kuuandika sawasawa

Mchimbaji akimpigia simu mnunuzi na kumwambia "jiwe linang'aa sana", bado hajamwambia kitu. Linang'aa kama nini? Kama chuma kilichosuguliwa, kama kioo, kama nta, kama hariri? Jibu la swali hilo linaondoa mengi ya madini yanayoweza kudhaniwa, na mnunuzi wa mbali anaanza kuona jiwe kabla halijamfikia.

Mng'ao ni namna uso wa madini unavyorudisha mwanga. Rangi ni jambo jingine, na uwazi wa jiwe ni jambo jingine tena. Jiwe la bluu na jiwe lisilo na rangi yanaweza kuwa na mng'ao uleule, na jiwe usiloweza kuona ndani yake likang'aa kuliko lile lenye uwazi wa maji. Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mchimbaji mdogo, dalali, mwanafunzi wa jiolojia na yeyote anayelazimika kuandika maelezo ya jiwe ambalo msomaji wake hatalishika. Vifaa ni vichache: mwanga mzuri, kitambaa safi, mswaki laini, lenzi ya kukuza mara 10, pini, na kipande cha kigae cha ukutani, kile upande wake wa nyuma usio na rangi ya kuteleza.

Hatua ya 1: Osha, kausha, tafuta uso mpya

Sokoni utamwona mtu akililamba jiwe au kulichovya majini kabla ya kulitazama. Kwa rangi yuko sahihi, kwa sababu maji hujaza mikwaruzo na mwanga hupenya vizuri. Kwa mng'ao anajidanganya, kwa sababu anachokitazama ni mng'ao wa maji. Hata bonge la udongo likiloa linaonekana kama kioo. Mafuta ni mabaya zaidi, maana hayakauki upesi na mwenye jiwe anaweza asikuambie kama ameyapaka.

Kwa hiyo osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, sugua kwa mswaki, suuza, kisha subiri likauke kabisa. Chumvi ya mawe usiioshe, itayeyuka. Ifute kwa kitambaa kikavu.

Baada ya hapo tafuta sehemu ambayo haijakaa juani na kwenye mvua. Galena, yaani madini ya risasi, iliyovunjwa sasa hivi inang'aa kama fedha, lakini ikikaa hufifia na kuwa kijivu. Pairaiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu, ikioza huwa kahawia, na ukiandika ulichokiona juu yake utakuwa umeeleza kutu. Jiwe la kawaida limegue kipande kwa nyundo, ukiwa umevaa miwani. Jiwe la kito usilipige hata kidogo: tafuta kona iliyokwisha kumeguka yenyewe, uitazame kwa lenzi. Na madini ya nyuzinyuzi ya jamii ya asbesto usiyavunje wala kuyasugua, kwani vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Mirerani kuna mtego wake ambao inafaa niueleze kwa urefu. Tanzanaiti hutoka kwenye mwamba wenye kinywe, yaani madini meusi laini ya kutengenezea penseli, na kinywe hujipaka juu ya kila kitu: mikono, nguo, nyuso za watu, na mawe yenyewe. Jiwe ghafi linapotoka shimoni linaweza kuwa na utando mwembamba wa kijivu unaong'aa kama ncha ya penseli. Asiyejua ataandika "mng'ao wa metali" na kuendelea na kazi. Pitisha kidole gumba juu yake. Kidole kikitoka cheusi na chenye utelezi, ulichokuwa unakitazama ni kinywe. Sugua kona moja kwa sabuni mpaka uso wenyewe ujitokeze, ukauke, ndipo utazame tena. Sasa utaona mng'ao wa kioo, na mara nyingi rangi ya kahawia, kwa sababu tanzanaiti nyingi huwa bado hazijapashwa moto. Joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi linaigeuza rangi hiyo kuwa bluu au zambarau; aina ya mng'ao inabaki ileile.

Hatua ya 2: Tumia mwanga wa chanzo kimoja

Kaa karibu na dirisha mchana, pasipo jua la moja kwa moja. Shika jiwe chini ya usawa wa macho, mwanga ukitokea upande wa mbele, kisha ligeuze polepole mpaka uso mmoja uwake. Hapo ndipo penye mng'ao. Tazama ukingo wa ule mwako: je, ni mkali kama picha kwenye kioo, umetawanyika kama ukungu, au umejipanga kwa mstari?

Epuka duka lenye taa nyingi ndogo za LED. Taa hizo huwekwa ili kila kitu kimeremete, na chini yake huwezi kutenganisha mwanga unaorudi kutoka juu ya uso na ule unaotoka ndani ya jiwe. Tochi ya simu inafaa usiku, ilmradi taa nyingine zizimwe.

Hatua ya 3: Jiulize kwanza, ni metali au si metali?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote yanayofuata. Ndani ya metali kuna elektroni zilizo huru, na hizo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaogonga uso bila kuuacha uingie. Ndiyo maana madini yenye mng'ao wa metali hayapitishi mwanga hata kwenye ukingo wake mwembamba kabisa. Shika kipande mbele ya tochi. Ukingo ukionyesha hata wekundu au ukahawia kidogo, hiyo si metali kamili.

Kipimo cha pili ni rangi ya unga wake. Kwaruza jiwe nyuma ya kigae. Madini ya mng'ao wa metali huacha alama nyeusi au yenye rangi nzito. Mengi yasiyo ya metali huacha alama nyeupe au rangi hafifu. Nawa mikono baadaye, hasa ukishika galena, kwa kuwa ina risasi.

Kwa wachimbaji wa dhahabu wa Geita, Chunya au Migori, hatua hii ina thamani ya fedha. Vitu vitatu vya njano hukutana kwenye karai moja: dhahabu, pairaiti na ulanga uliochakaa (madini ya vibamba vyembamba). Geuza karai taratibu. Dhahabu inabaki na mng'ao uleule juani na kivulini, kila upande. Ulanga huwaka ghafla kwa pembe moja kisha unazimika, kwa sababu ni vibamba bapa na mwanga hurudi pale tu kibamba kinapokuelekea. Pairaiti ina mng'ao wa metali wa kweli, ila njano yake imepauka na inaelekea shaba nyeupe, na nyuso zake mara nyingi zimenyooka kama pande za kisanduku. Ukibaki na shaka, bonyeza chembe kwa pini chini ya lenzi. Dhahabu inabonyea, ulanga unabanduka tabaka, pairaiti inapasuka. Kwenye kigae dhahabu huacha njano, pairaiti huacha nyeusi yenye ukijani.

Kuna kundi la katikati ambalo wengi hulipuuza, nalo ndilo linalowahusu sana ndugu zetu wa Kivu, Maniema, Rwanda na Kyerwa. Koltani (madini ya tantalamu) na wolframaiti (madini ya tangsteni) huwa na mng'ao wa nusu-metali: weusi unaong'aa, lakini bila ule ukali wa chuma kilichosuguliwa. Kasiteraiti, yaani madini ya bati, inayumba kutoka mng'ao wa almasi mpaka nusu-metali, na mahali ilipovunjika inaonekana kama imepakwa mafuta. Usione haya kuandika "nusu-metali". Ni aina inayotambulika, na ni ya kweli kuliko kulazimisha jiwe liingie upande mmoja.

Halafu kumbuka hemataiti. Madini hayohayo ya chuma yanaweza kutokea kama vibamba vya kijivu vyenye mng'ao wa metali au kama udongo mwekundu usiong'aa kabisa. Kinachoyaunganisha ni unga: yote huacha alama nyekundu ya kahawia.

Hatua ya 4: Kama si metali, chagua aina

Anza na kioo, kwa kuwa ndiko yalikojaa madini mengi. Kwatzi, feldispa, tanzanaiti, zumaridi, tsavoraiti ya Taita Taveta, spineli ya Mahenge: yote haya yana mng'ao wa kioo. Mwako wake ni safi, una ukingo mkali, ila bado unaona kuwa mwanga mwingi umeingia ndani ya jiwe.

Mng'ao wa almasi ni mkali zaidi, na tofauti hiyo inahesabika. Mwanga ukiangukia uso uliosuguliwa kwa kunyooka, kwatzi hurudisha kama asilimia 4.5, tanzanaiti karibu 7, yakuti karibu 8, na almasi 17. Pairaiti, iliyo upande wa metali, hurudisha kiasi cha nusu. Sababu ya tofauti kati ya kwatzi na almasi ni kipimo cha kupinda kwa mwanga: kwatzi ni 1.54 hivi, tanzanaiti 1.69 hadi 1.70, yakuti 1.76 hadi 1.77, almasi 2.42. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo uso unavyorudisha mwanga zaidi. Zikoni, yenye zaidi ya 1.9, inaikaribia almasi, na ndiyo maana iliwahi kutumika badala yake kwenye vito.

Hapa tahadhari mbili. Almasi ghafi, hata ya Mwadui, mara nyingi haina ule mwako wa kwenye pete. Uso wake wa asili huonekana kama umepakwa mafuta. Usiitupe kwa sababu hiyo. Na mawe ya kutengenezwa kama zikonia na moisanaiti yana mng'ao wa aina ya almasi pia, kwa hiyo mng'ao peke yake haukulindi dhidi ya udanganyifu. Vivyo hivyo kioo cha bluu kinachouzwa kama tanzanaiti: vyote viwili vina mng'ao wa kioo, na utahitaji vipimo vingine.

Mng'ao wa sandarusi ni wa madini kama sfaleraiti (madini ya zinki) na salfa, na wa kaharabu. Vitabu vingine huandika "mng'ao wa utomvu", lakini utomvu mbichi unang'aa kwa sababu ni majimaji. Sandarusi, ile iliyofukuliwa ardhini huku pwani na kupitishwa Zanzibar kwenda nje karne ya 19, ni utomvu uliokauka na kuwa mgumu, na ndiyo inayofanana na tunachokiona kwenye jiwe: mng'ao mzito, wenye njano au kahawia ndani yake. Mimi naandika sandarusi, na napendekeza nawe uandike hivyo.

Mng'ao wa mafuta na wa nta watu huvichanganya. Wa mafuta unaonekana kama jiwe limeguswa kwa mkono wenye samli. Kwatzi nyeupe ya kwenye mishipa ya dhahabu huwa hivyo inapovunjika. Wa nta ni mpole zaidi, ukingo wa mwako umefifia, kama mshumaa. Akiki huwa na mng'ao huo mahali ilipovunjika, na krisoprasi ya kijani ya Haneti, Dodoma, vilevile. Mawe ya Kisii yanayochongwa Tabaka nayo husemwa ni ya mafuta kwa kuwa yanateleza mkononi. Kuteleza ni habari ya mguso. Liweke mezani bila kulishika, ndipo uamue.

Mng'ao wa lulu hutoka kwenye madini yenye matabaka. Sehemu ya mwanga hurudi juu, sehemu hurudi kutoka tabaka la chini, na mchanganyiko huo huleta weupe laini wenye kina. Ulanga wa milima ya Uluguru ni mfano mzuri, na talki pia.

Mng'ao wa hariri hutoka kwenye nyuzi zilizolala sambamba. Jasi ya nyuzi inao, na malakaiti ya Katanga ikiwa imejijenga kwa nyuzi. Ukiligeuza jiwe, mwako unatembea kama mstari juu ya kitambaa.

Mwisho ni yale yasiyong'aa. Kaolini ya Pugu ina chembe ndogo mno, zinazotawanya mwanga kila upande. Andika "mng'ao wa udongo" au "haing'ai".

Hatua ya 5: Taja nguvu yake na uso ulioutazama

Aina peke yake haitoshi. Ongeza nguvu: mkali, wa wastani, hafifu. Kisha sema umetazama wapi, kwa sababu jiwe moja linaweza kuwa na ming'ao miwili. Jasi ina mng'ao wa lulu kwenye uso inapopasukia kirahisi, na wa kioo pande nyingine. Tanzanaiti hupasuka vizuri kwa upande mmoja tu, na uso huo unaweza kuonyesha ululu kidogo, yaani mng'ao kama wa lulu, wakati nyuso nyingine ni kioo kitupu. Ukiandika mng'ao bila kutaja uso, mwenzako akigeuza jiwe ataona kitu kingine na kudhani umempelekea jiwe tofauti.

Nyota inayotembea juu ya yakuti, au mstari kama jicho la paka, si aina ya mng'ao. Viandike kwenye sentensi yake.

Hatua ya 6: Andika, na uandike kwa usahihi

Neno lenyewe ni mng'ao, wingi ming'ao. Ritifaa hukaa baada ya g. "Mn'gao" si sahihi, wala "mg'ao". Ukiiacha kabisa ukaandika "mngao", msomaji atatamka g kama ya ngao. Familia nzima ya neno hili hubeba ritifaa: ng'aa, ng'ara, ng'arisha, kung'aa, unaong'aa. Lakini mwanga, mwangaza, angaza na angavu hazina. Ukikata neno mwishoni mwa mstari, ng' isitenganishwe.

Kwenye simu na kompyuta ritifaa huja kwa maumbo mawili, iliyonyooka na iliyopinda. Jicho halijali, ila mashine inaweza kuzihesabu kuwa herufi mbili tofauti. Kama orodha yako ya mawe iko kwenye jedwali na umechanganya, ukitafuta "mng'ao" huenda ukapata baadhi tu ya mawe yako. Chagua umbo moja na uzime marekebisho ya moja kwa moja.

Upatanisho nao uangaliwe: jiwe linang'aa, mawe yanang'aa, almasi inang'aa, kipande kinang'aa, chembe zinang'aa. Madini hubaki katika wingi, "madini haya yanang'aa", hata ukizungumzia aina moja. Kwa kukanusha: haling'ai, hayang'ai, haing'ai. Meremeta nalitunza kwa vimulimuli vingi vidogo, kama vibamba vya ulanga ndani ya mwamba, na ng'aa kwa uso mmoja unaorudisha mwanga.

Andika "mng'ao wa metali", usiandike "wa chuma", kwani chuma ni metali moja tu. Na kama jiwe si almasi, andika "mng'ao wa aina ya almasi". Neno almasi likikaa peke yake kwenye karatasi ya mauzo linaweza kuleta ugomvi ambao hukuukusudia.

Vyeti vya maabara za vito kwa kawaida huja kwa Kiingereza. Kama umeona "luster" kwenye kimoja na "lustre" kwenye kingine, ni neno lilelile: la kwanza ni tahajia ya Marekani, la pili ya Uingereza. Ukinakili, fuata cheti ulichonacho na usichanganye mbili kwenye karatasi moja.

Sasa tazama maelezo haya ambayo huandikwa kila siku: "Jiwe la bluu, linang'aa safi, grade nzuri sana." Hakuna anayeweza kuyatumia. Yaandike hivi:

"Jiwe ghafi, bluu yenye uzambarau, limeoshwa na kukauka. Mng'ao wa kioo, mkali, kwenye kona iliyovunjika. Ululu hafifu kwenye uso mmoja uliopasuka bapa. Mabaki ya kinywe upande wa chini, yanatoka kwa kidole."

Na kwa chembe za kwenye karai:

"Chembe za njano. Mng'ao wa metali, mkali, haubadiliki zikigeuzwa juani wala kivulini. Zinabonyea kwa pini. Alama kwenye kigae ni ya njano."

Na kwa mzigo mweusi kutoka mgodini:

"Vipande vyeusi, vizito. Mng'ao wa nusu-metali kwenye nyuso za asili, wa mafuta mahali vilipovunjika. Ukingo unapitisha ukahawia mbele ya tochi."

Ukitaka kujua kama maelezo yako yanafaa, weka mezani mawe matatu yanayofanana rangi, mpe mwenzako karatasi uliyoandika, umwambie achague lipi ni lake. Akisita kati ya mawili, muulize ni neno gani lililomkwamisha, kisha rudi dirishani na uandike upya sentensi hiyo.